Titani yenye vitundu: kazi kubwa ni ule uwazi

Nikikabidhiwa kipandikizi cha nyonga kilichotengenezwa kwa leza, macho yangu huenda kwenye vitundu kwanza, chuma baadaye.

Aloi tunayoitumia zaidi ni Ti-6Al-4V: titani yenye takriban asilimia 6 ya aluminiamu na 4 ya vanadi. Haili kutu mwilini, ila ni kakamavu mno, yaani haipindiki kirahisi: gigapaskali (kipimo cha ukakamavu) 110 hivi, wakati tabaka gumu la mfupa lina kama 10 hadi 30. Ukiipachika ndani ya paja ikiwa nzima, hubeba mzigo ambao mfupa ulipaswa kuubeba. Na mfupa usiobeba kitu hukonda, jambo alilolieleza daktari mpasuaji Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892. Miaka ikipita, kipandikizi huanza kucheza.

Ndiyo maana tunakifanya kiwe kimia. Uwazi ukifika asilimia 60 au 70, ukakamavu hushuka na kukaribia ule wa mfupa. Vitundu tunavilenga kati ya maikromita (sehemu za elfu za milimita) 300 na 600, ili mishipa ya damu ipite na mfupa uote humo.

Mashine hutandaza unga wa titani, tabaka la maikromita 30 hivi, leza inayeyusha sehemu zinazotakiwa, meza inashuka, unga unatandazwa tena. Yote hufanyika ndani ya agoni, gesi isiyomenyuka na chuma, kwani titani ya moto hunyonya oksijeni ikawa ya kuvunjika bila kupinda. Naitrojeni nayo haifai; titani humenyuka nayo vilevile.

Shida ni kwamba kuna matundu tunayoyataka na mengine hujileta yenyewe. Leza ikikimbia sana, punje hazishikani, kunabaki nyufa bapa kati ya tabaka. Nguvu ikizidi, chuma huchemka, shimo refu huchimbika, gesi hunaswa humo ikabaki kiputo. Kwenye nguzo ya kimia, yenye unene wa robo milimita, kiputo kimoja chatosha kuanzisha ufa, na nyonga ya mtu anayetembea kawaida hupokea mzigo kama mara milioni moja kwa mwaka.

Kisha kuna unga uliokwama ndani. Huu ndio unaonikera kuliko yote. Tunaupuliza, tunautikisa kwa mawimbi ya sauti, tunapima kipande kwenye mizani, tunarudia. Uzito ukiendelea kupungua, bado kuna unga. Lazima utoke kabla ya tanuru, maana joto litaugandisha humo moja kwa moja.

Tanuruni, agoni hukikandamiza kwa megapaskali 100 kwenye nyuzi 920 hivi. Viputo vilivyofungiwa ndani huzibika. Vitundu vya kimia havidhuriki, kwa sababu gesi huvijaza na kusukuma pande zote. Ila nyufa zilizo wazi kwa nje nazo haziponi, pamoja na punje zilizoganda juu ya nguzo. Hapo tunatumia asidi. Na kwa kuwa asidi hula nguzo yenyewe, kwenye mchoro naziacha nene kidogo tangu mwanzo.