Pombe na Uchakataji wa Kolesteroli Ndani ya Seli

Uchakataji wa kolesteroli ni jumla ya kazi zote ambazo seli hufanya ili kuitengeneza, kuipokea kutoka kwenye damu, kuitumia na kuitoa. Kolesteroli yenyewe, ambayo baadhi ya watu huiita lehemu, si sumu kama inavyodhaniwa: bila hiyo utando wa seli hulegea, na mwili hukosa malighafi ya asidi za nyongo na ya homoni kadhaa.

Pombe huvunjwa hasa na seli za ini, ambazo huigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali yenye sumu, kisha kuwa asetati. Kazi hiyo hupunguza akiba ya NAD, kemikali ambayo ini huihitaji pia ili kuyachoma mafuta, na kwa hiyo mafuta hurundikana ndani ya seli huku mengine yakimwagwa kwenye damu yakiwa trigliseridi.

Kwa upande wa kolesteroli, badiliko linalojulikana zaidi kwa binadamu ni kupanda kwa HDL, yaani chembe zinazoichukua kolesteroli kutoka kwenye seli na kuirudisha kwenye ini. Hupanda kwa sababu ini la mnywaji hutoa kwa wingi zaidi protini zinazoziunda chembe hizo, na pia, kwa wanywaji wa kupindukia, kwa sababu hupungua nguvu ya CETP, protini inayohamisha kolesteroli kutoka HDL kwenda kwenye chembe nyingine. Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba pombe hulinda moyo. Hoja hiyo ni dhaifu: torcetrapib, dawa iliyozuia CETP na kupandisha HDL sana, ilisitishwa majaribio mwaka 2006 baada ya vifo kuongezeka miongoni mwa walioitumia.

Matokeo ya tafiti za wanyama nayo yasomwe kwa uangalifu. Panya hana CETP kiasili, na kolesteroli nyingi katika damu yake husafiri ndani ya HDL, ilhali kwa binadamu nyingi husafiri ndani ya LDL, yaani chembe zinazoipeleka kolesteroli kwenye seli. Hata seli za binadamu zinazooteshwa maabara zina kasoro zake. Pombe huvukiza kutoka kwenye chombo kilicho wazi (jambo dogo, lakini huharibu vipimo), na seli za HepG2, zilizotokana na saratani ya ini na kutumiwa mno katika tafiti hizi, zimepoteza karibu uwezo wote wa kuivunja pombe, kwa hiyo athari za asetaldehidi hazionekani ndani ya seli hizo.