Shati la Mfanyakazi Kijana: La Kumwambia na Namna ya Kumwambia

Ikifika saa nne asubuhi kwenye ofisi ya Mombasa isiyo na kiyoyozi, shati lililoanikwa chumbani usiku wa mvua huanza kutoa uvundo. Mwenye shati hasikii. Pua huizoea harufu ya mwili wake baada ya dakika chache tu, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumwambia mfanyakazi kijana: hawezi kujigundua mwenyewe. Hiyo hiyo yatosha kumfanya msimamizi aongee kwa upole, kwa kuwa anayeambiwa hakukusudia.

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi huku pwani. Hewa imejaa maji, nguo inakaa kambani usiku kucha na asubuhi kola bado ni mbichi. Katika ubichi huo vijidudu huzaana kwenye nyuzi. Kijana hupiga pasi, harufu ikatulia, akatoka nyumbani akijua yu safi. Akishavuka feri ya Likoni kwa miguu, mwili umepata joto, jasho limeingia kitambaani, na uvundo umeamka. Hapo marashi hayasaidii. Hata udi, tunaoupenda sana sisi wa pwani, ukifukizwa kwenye nguo iliyovunda huzaa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko zile mbili.

Dawa yake ni rahisi. Tia nusu kikombe cha siki nyeupe katika beseni la maji ya lita tano, loweka shati nusu saa, kisha lifue kwa sabuni kama kawaida. Likamue, lizungushe ndani ya taulo kavu na ulikanyage taulo hilo linyonye maji, ndipo ulitundike kwenye hanga mbele ya feni, kola ikiwa imeinuliwa. Siki na jiki, ile dawa ya kung’arisha nguo nyeupe, zisikutane kamwe katika beseni moja: zikichanganyika hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu.

Jiki ina kosa jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Madoa ya manjano kwapani hayatokani na uchafu peke yake. Ni jasho lililochanganyika na chumvi za alumini zilizomo katika dawa ya kuzuia jasho, na jiki huyazidisha umanjano. Koroga soda ya kuokea kwa maji kidogo mpaka iwe uji mzito, paka, acha saa moja, sugua kwa mswaki mkuukuu. Na dukani kuna dawa mbili zinazofanana kwa kopo: moja huficha harufu tu, nyingine huzuia jasho lenyewe. Hii ya pili hupakwa usiku kwenye ngozi kavu, ili ipate nafasi ya kuziba vinyweleo kabla jasho halijaanza. Anayeipaka asubuhi akiwa tayari amelowa anatupa pesa.

Kitambaa nacho kina neno lake. Poliesta haikunji na hukauka upesi, lakini hushika harufu ya jasho kuliko pamba. Kwa hali ya hewa yetu, pamba, au pamba iliyochanganywa kiasi na poliesta, ndiyo inayofaa. Anayenunua mitumba soko la Kongowea asome kibandiko cha ndani kabla ya kutazama rangi. Kisha apime: vidole viwili viingie kati ya kola na shingo kifungo cha juu kikiwa kimefungwa, na mshono wa bega uishie penye mfupa wa bega. Mikono na urefu fundi cherehani hurekebisha kwa bei ndogo. Bega likiwa pana, liache shati hapo hapo. Ndani pavaliwe fulana ya pamba yenye rangi iliyo karibu na ya ngozi. Fulana nyeupe chini ya shati jeupe huonekana, jambo ambalo huwashangaza wengi.

Hayo ni ya mvaaji. Msimamizi ana kazi yake, na mara nyingi hitilafu huanzia kwake.

Barua ya ajira ikisema “mavazi nadhifu” haijasema kitu. Nadhifu ya kijana wa miaka ishirini na miwili si nadhifu ya mhasibu anayekaribia kustaafu. Andika kinachoonekana kwa macho: shati lenye kola, lililopigwa pasi na kuchomekwa, suruali isiyo ya jinzi, viatu vinavyofunika vidole, champali ziachwe nyumbani. Kila sharti liwe na sababu inayotajika, nazo kwa kawaida ni tatu: usalama, usafi, au mteja aweze kumtambua mhudumu. Jikoni hotelini, kucha fupi zisizo na rangi na nywele zilizofunikwa ni usafi. Bandarini, jaketi linalong’aa na buti ngumu ni usalama, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa kazi za hatari. Sharti lisilo na sababu hata moja kati ya hizo huwa ni mapendeleo ya bosi tu, na vijana hulitambua siku ya kwanza. Bosi mwenyewe akiwa na kola iliyochakaa, watasema nyani haoni kundule.

Hijabu, ushungi na kofia iliyodariziwa zina ulinzi wa Katiba. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi na kinataja mavazi kwa jina lake, pamoja na dini na utamaduni. Kifungu cha 32 kinakataza kumnyima mtu kazi kwa ajili ya imani yake. Penye mashine inayozunguka, ombi halali ni kwamba mtandio uchomekwe ndani ya ovaroli, au ivaliwe hijabu fupi ya kushonwa isiyoning’inia. Kuvuliwa hakumo. Kuhusu rasta, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kwamba mwanafunzi Mrastafari asifukuzwe shule kwa nywele zake. Ilikuwa kesi ya shule, lakini mwajiri mwenye busara ataisoma kabla ya kumwambia mtu akanyoe.

Sasa, kumwambia. Asiambiwe mbele ya wenzake wala kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na asiletewe kopo la marashi mezani kama fumbo. Mafumbo ni matamu katika taarabu. Kazini huumiza, na mlengwa huenda asijue hata kosa lake ni lipi. Mwite karibu na mwisho wa siku, ili asikae kutwa nzima akijinusa. Taja nguo, si mwili, na useme mara moja:

“Mwanangu, kaa kidogo. Kazi yako sina neno nayo. Ni shati: likipata joto latoa harufu ya kutokauka, na wewe huwezi kuisikia. Wajua mvua hizi. Je, una mahali pa kuanika?”

Lile swali la mwisho lina uzito. Jibu laweza kuwa kwamba ana mashati mawili tu na mshahara wa kwanza bado. Hesabu ni hii: shati moja mwilini, moja kambani, na likishindwa kukauka hakuna la kesho. Kwa hiyo matatu ndiyo machache kabisa, na sare zikitolewa mbili mbili, tatizo ni la kampuni. Viatu vya ngozi navyo vyataka siku nzima kukauka ndani. Jozi moja ikivaliwa kila siku hunuka na kuota ukungu hata ikipakwa rangi vipi. Misumari na ndoano chache za nguo karibu na choo, ili watu wasafiri na fulana na kubadilisha wakifika, ni gharama ndogo mno.

Msichana aambiwe na mwanamke mwenzake. Mwanamume akilazimika, azungumzie mwongozo ulioandikwa, asitaje umbo, na asifunge mlango. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahusu unyanyasaji wa kingono, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi. Harufu isiyoondoka baada ya nguo na kuoga kushughulikiwa yaweza kuwa ugonjwa. Mpe ushauri amwone daktari, usimtajie ugonjwa wewe.

Mpe wiki mbili. Akibadilika, usimwambie “leo umependeza” mbele ya wenzake, maana wote watajua aliambiwa nini.