Farasi Hawanyanyui Kijiko

Wiki hii nimeulizwa mara tatu. Wa mwisho ni mzee mmoja, mkulima wa zabibu kule Hombolo, aliyenipigia saa moja asubuhi. Marahaba yake haijakauka mdomoni, akaanza: "Fundi, trekta langu la nguvu za farasi 50 linashindwa na mchanga ambao jirani anaunyanyua kwa la farasi 35. Nimepigwa?" Hukupigwa, mzee wangu. Ulinunua farasi, na farasi hawanyanyui kijiko.

Katika dhana zote za loda za mbele, yaani ile mikono yenye kijiko inayofungwa mbele ya trekta, hii ya kwamba farasi wengi ndio wanaonyanyua ndiyo inayonichosha. Kinachonyanyua ni presha ya oili inayosukuma pistoni ndani ya jeki, basi. Chukua presha ya bar 160. Jeki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40 inasukuma kama tani 2. Ya milimita 50, kwa presha ileile, inasukuma tani 3 na ushee. Sentimita moja tu, nguvu imepanda kwa zaidi ya nusu! Halafu mkono wa loda unakula sehemu kubwa ya nguvu hiyo, kwa sababu jeki imeshika karibu na egemeo na mzigo uko mbali mbele. Ndiyo maana tani zote zile zinafika kwenye kijiko zikiwa kilo mia kadhaa. Kiwanda kikisogeza kidogo tu tundu la pini inayoshika jeki, hesabu nzima inabadilika na injini haijaguswa.

Farasi kazi yao ni kuzungusha pampu ya oili. Pampu ya lita 30 kwa dakika, kwa bar 160, inataka kama farasi 11. Hata trekta la farasi 25 linawatoa bila jasho. Lita zikiwa nyingi kijiko kinapanda upesi, na ukikanyaga mafuta kinapanda upesi zaidi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: wanaona mwendo, wanadhani ni nguvu.

Nilikwenda Hombolo. Nikafunga geji, nikamwambia kijana avute stiki mpaka mikono ifike mwisho, kisha aendelee kushikilia. Sindano ikapanda, ikasimama 160. Kitabu cha trekta nacho kinasema 160. Pampu nzima, valvu nzima. Tukafungua vitabu vya loda zote mbili: jeki za mzee ni 40, za jirani ni 50. Mzee akanyamaza, halafu akatoa neno ninaloliogopa: "Basi ikaze hiyo valvu, fundi."

Sikazi. Valvu ya kuachia presha imewekwa ili oili ipate pa kutokea kabla chuma hakijapinda. Nimewahi kuletewa trekta lililokazwa na mtu wa njiani: hozi imepasuka, sili za jeki zimekwisha, mkono mmoja wa loda umepinda kama upinde. Na oili ya presha ile ikichomoka karibu na mkono wako inapenya ngozi. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali, usiipake dawa ya kidonda.

Karatasi ya dukani nayo ina ujanja wake. Ile namba kubwa ya kilo mara nyingi imepimwa kwenye pini za kijiko, ilhali mzigo wako unakaa mbele zaidi, ndani ya kijiko. Uliza: kilo hizo ni kwenye pini au nusu mita mbele yake? Ni kwa kimo gani? Muuzaji akibabaika, mwache. Na kijiko chenyewe kina uzito. Ukichomelea kikubwa zaidi umejipunguzia mchanga. Robo mita ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama kilo 400. Ule wa korongoni baada ya mvua unakaribia 500. Samadi kavu ni nyepesi mno, ndiyo maana trekta lilelile linaonekana shujaa siku ya samadi.

Kwamba uzito wa nyuma ni wa kulimia tu: si kweli, na hapa nitamsumbua kila mtu. Chukua pipa la lita 200, lijaze zege, funga vyuma vya kuning'inizia kwenye mikono ya nyuma. Umepata karibu nusu tani, mradi mikono hiyo inaibeba. Bila hivyo kijiko kikijaa ekseli ya mbele inaumia na matairi ya nyuma yanaelea.

Wapo wanaosema gia ya magurudumu manne ni ya tope. Trekta ndogo nyingi zina breki za nyuma tu. Ukishuka kilima na kijiko kimejaa, nyuma nyepesi, breki inashika hewa. Weka nne, mbele nako kushikwe, na kijiko kikae chini.

Kuchimba udongo wetu mwekundu wa Agosti kwa loda? Hapana. Tifua kwanza, kisha zoa.

Mzee alijaza pipa lake Jumamosi. Jana kapiga tena, anauliza kama jeki za milimita 50 zinaweza kuingia kwenye loda lake. Nimemwambia haziingii, pini zake ni nene kuliko matundu, na sitachimba matundu.