"Si umekaa tu?" Tunayoyaamini kuhusu mtu wa kigari, na yaliyo kweli

Mwaka wa tisa huu mume wangu anatumia kigari, yaani kiti cha magurudumu. Alikuwa mchumaji karafuu. Tawi lilimvunjikia, akaanguka, akaumia uti wa mgongo chini ya usawa wa mbavu. Watu wa Pemba hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, maana msimu mzuri wa karafuu huku kwetu huja na walioanguka.

Maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko yote tangu siku ile ni haya: "Si umekaa tu?" Huambiwa yeye akisema amechoka, akisema mgongo unawaka, akiomba arudishwe kitandani kabla ya magharibi. Wanaoyasema wanampenda. Na mimi niliyasema, mwaka wa kwanza, alipoomba kuondoka uani tukiwa bado tunachambua karafuu. Najuta mpaka leo. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika yale tuliyokuwa tukiyaamini, na yale tuliyokuja kufundishwa na wataalamu wa viungo, pamoja na ngozi yake mwenyewe.

"Kukaa ni kupumzika"

Kwa mwenye viungo vizima, ndiyo. Mtazame mzee yeyote aliyekaa barazani. Mara anakunja mguu, mara anaegemea ubavu, mara anainuka kufuata kikombe cha kahawa. Hajui hata kama amejisogeza. Mwili umemwamrisha naye ametii. Aliyeumia uti wa mgongo, ile amri haimfikii, au inamfikia na misuli haitii. Uzito wa kiwiliwili unabaki palepale, juu ya mifupa miwili ya kukalia, mmoja kila upande wa makalio. Baina ya mfupa na kiti kuna nyama na ngozi tu, na vijishipa vya damu vilivyomo vinabanwa mpaka damu inakosa njia. Hali hiyo ikidumu, nyama hufa kwa ndani kabla ngozi ya juu haijaonyesha kitu. Hicho ndicho kidonda cha mgandamizo. Huhitaji wiki kuanza. Saa chache zinatosha. Kupona kwake ndiko kunakokula miezi.

Tena misuli ya tumbo na kiuno iliyolegea haimshikilii. Anateleza mbele kidogo kidogo, mgongo unapinda, shingo inachomoza, mabega yanabeba kila kitu. Kwa hiyo saa tatu za kukaa kwake ni saa tatu za kazi.

Dawa ya hili haina bei: kuhamisha uzito kila baada ya dakika 15 hadi 30. Yeye huinama mbele, kifua kikielekea mapajani, viwiko juu ya magoti au juu ya meza, akakaa hivyo kama dakika mbili. Pakiwa na watu na haoni vizuri kuinama, huegemea kulia dakika mbili, kisha kushoto dakika mbili. Hapo mwanzo alikuwa akijiinua kwa mikono kama afanyaye zoezi. Tukaja kuelezwa kwamba kujiinua huku kwa kawaida huishia sekunde chache, na damu inataka muda mrefu zaidi kurudi sawasawa. Tena kunamaliza mabega, na mabega ndiyo miguu yake sasa. Siku hizi anahesabu kwa tasbihi. Akizungusha duru nzima, najua ametimiza.

"Aliyepooza hasikii maumivu"

Hili liliniumiza kuliko mengine, kwa sababu nililisikia hata kwa mhudumu mmoja wa afya. Ukigusa mguu wa mume wangu hasikii. Lakini mguu huohuo usiku unamwaka kama umetiwa pilipili, au unampiga kama umeme. Nilidhani ni mawazo.

Si mawazo. Mshipa wa fahamu ulioharibika unaweza kutuma habari ya maumivu kutoka mahali ambapo mguso haupiti. Madaktari wanayajua maumivu ya namna hii na wana dawa zake, tofauti na zile za kutuliza maumivu tunazonunua dukani. Mara nyingi huanza na amitriptilini au gabapentini, kwa kipimo wanachokipandisha taratibu. Ukienda hospitali usiseme "anaumwa miguu" tu. Eleza kama yanachoma, yanapiga au yanavuta, yanaanza saa ngapi, na kama yanazidi akikaa. Maelezo hayo ndiyo yanayomwongoza daktari.

Kuna aina nyingine pia, ya misuli na viungo: mabega, shingo, mgongo sehemu ya juu ya jeraha. Hayo huja kwa kukaa vibaya, na hayamezewi kidonge. Yanatibiwa kwa kukirekebisha kiti. Na kama maumivu ya zamani yanabadilika ghafla au yanaongezeka bila sababu unayoiona, ukaguliwe mwili mzima: kibofu, choo kilichofunga, ngozi, hata ukucha uliozama nyamani.

"Kiti ni kiti"

Kiti chake cha kwanza tulipewa msaada, na aliyetupa Mungu amlipe kheri. Kilikuwa cha mtu mnene. Mume wangu alikuwa akiyumba ndani yake kama dau lisilo na shehena, akaegemea upande mmoja mpaka kiuno kikapinda. Sisi tulishukuru tu, nani angethubutu kulalamikia kitu cha bure?

Kigari ni kama kiatu, kinapimwa kwa mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu utoaji wa vigari kwa nchi zenye uwezo mdogo, na humo kumkabidhi mtu kiti ni hatua moja tu kati ya kadhaa: kwanza apimwe, kiti kitayarishwe na kurekebishwa akiwa amekikalia, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Ukipewa kiti bila hatua hizo, bado una haki ya kuziulizia kwa mtaalamu wa viungo hospitalini.

Nyumbani tunaweza kuangalia haya. Upana wa kiti uwe sawa na nyonga zake. Baina ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili hivi. Kiti kikiwa kirefu mno kuelekea magotini kinamlazimisha kuteleza mbele. Halafu vikanyagio, ambavyo watu hawavitazami kabisa. Vikiwa juu sana, magoti yananyanyuka na uzito wote unarudi kwenye ile mifupa miwili. Vikiwa chini sana, miguu inaning'inia na kumvuta. Paja linatakiwa lilale sawa juu ya mto kwa urefu wake wote. Sisi tulivishusha vikanyagio kwa spana ya fundi baiskeli, kazi ya dakika kumi, na wiki ile ile alikaa mpaka laasiri bila kulalamika.

Turubai la kiti nalo hubonyea kwa muda kama machela, nyonga zikaelekea ndani na mgongo ukapinda. Seremala anaweza kukata kipande cha ubao cha kuweka juu ya turubai, chini ya mto. Chini ya mto, narudia. Ubao bila mto wa kutosha ni hatari kuliko turubai lililobonyea.

"Mto ukiwa laini sana ndiyo vizuri"

Takia la sufi ni laini kwa mkono. Likikaliwa mwezi mmoja linakuwa madonge. Sponji nyepesi nayo hudidimia hadi chini, mtu akawa kama amekalia chuma. Wapo pia wanaompa mgonjwa duara la mpira, au tyubu ya tairi iliyotiwa upepo, wakidhani lile tundu la kati linapumzisha. Duara lile linabana ngozi pande zote na kuzuia damu isifike pale katikati palipokusudiwa kupona. Tafadhali msilitumie.

Kipimo nilichofundishwa cha kuujua mto ni cha vidole. Mwambie ainame, pitisha mkono baina ya mto na makalio, kiganja kikitazama juu, mpaka ncha za vidole ziwe chini ya ule mfupa wa kukalia, kisha akae wima kama kawaida. Vidole vikiweza kuchezacheza juu na chini kiasi cha nusu sentimita, mto unafaa. Vikishindwa kucheza lakini vinachomoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa kabisa, mto huo haufai hata kwa leo. Pima pande zote mbili, na urudie kila baada ya muda, maana sponji huchoka.

Ngozi ikaguliwe asubuhi na usiku, kwa kioo cha mkono au na wewe mwenyewe. Vitabu husema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta palipozidi weusi au palipoelekea zambarau, palipo pamoto kuliko pengine, pagumu au palipovimba. Ukipaona, hapo pasikaliwe mpaka parudi hali yake. Na usipasugue. Mkono wangu ulikuwa ukikimbilia kusugua, nikidhani nafukuza damu iliyoganda, kumbe nilikuwa nazidi kuiumiza nyama iliyokwisha kuchoka.

"Mkande kwa maji ya moto, mchue kwa mafuta ya makonyo"

Kila bibi aliyekuja kututazama alikuja na ushauri huu, na kwa mtu anayesikia joto huenda ukamliwaza. Mume wangu hasikii. Shangazi yake alimkanda paja kwa kitambaa cha maji yaliyotoka jikoni, hakulalamika, tukafurahi kwamba anastahamili. Jioni lilikuwa lengelenge zima. Sehemu isiyohisi haipelekewi kitu cha moto: wala chupa ya maji, wala kikombe cha chai juu ya mapaja, wala chuma cha kigari kilichoachwa juani wakati wa kaskazi. Mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, nayo ni makali, yanaunguza ngozi yakipakwa bila kuchanganywa na mafuta mengine, na ngozi ya mtu anayekaa kutwa tayari imelegea kwa jasho.

"Kichwa kikimgonga, mpe panadoli alale"

Hili ni fupi, lakini liwekwe akilini na kila mwenye mgonjwa aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Kichwa kinachogonga ghafla, jasho na uso kuwaka, kunaweza kuwa ni shinikizo la damu lililopanda vibaya kwa sababu kitu chini ya jeraha kinamsumbua naye hakihisi. Usimlaze. Mkalishe wima, legeza nguo, tazama kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa, tazama amekalia nini. Kisha mkimbizeni hospitali.

"Usimzoeshe kulala"

Ndani yake mna ukweli kidogo, ndiyo maana linadumu. Kulala kutwa kunakaza viungo na kunaleta vidonda vyake, hasa kisigino na mfupa wa mwisho wa mgongo. Kitandani tunamgeuza kila baada ya saa mbili hivi. Lakini kumtoa kwenye kigari kwa nusu saa mchana ni jambo jingine. Akilala kifudifudi, kama mtaalamu ameruhusu, nyonga zinanyooka baada ya kukunjika tangu asubuhi, na makalio yanapata hewa. Mume wangu akijinyoosha hivyo baada ya adhuhuri, jioni yake ni ndefu. Tusipompa nafasi hiyo, saa kumi na moja keshakwisha.

Kilichotushinda miaka mingi ni wageni. Wanakuja kumjulia hali baada ya laasiri, wazee wa heshima, na yeye haoni kama ni adabu kujilaza mbele yao. Basi anakaa. Anacheka, anasikiliza habari za bei ya karafuu, na mimi nikiwa nyuma ya pazia naona mkono wake umekamata gurudumu mpaka vifundo vimepauka. Wakiondoka anahema kama aliyetoka kupiga mbizi.

Siku moja nilitoka mwenyewe nikawaambia: "Babu zangu, mniwie radhi, mgongo wa mwenyeji wenu umefika mwisho. Nitamtandikia mkeka hapahapa, mazungumzo yaendelee." Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja akavua kofia yake, akajilaza na yeye ubavu juu ya mkeka, akasema hata kwake baraza la saruji limekuwa gumu siku hizi. Tangu hapo mkeka na mito inatandikwa kabla wageni hawajafika.

"Madhali anaweza kukaa, asali kwa kukaa"

Hili nalo lilimtia unyonge, hasa Ramadhani, tarawehe zikirefuka. Tulimwendea sheikh wetu. Akatukumbusha hadithi ya Imran bin Husein, sahaba aliyekuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala yake. Akajibiwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe aliyeuliza naye alikuwa na maumivu ya makalio." Sheikh akamwambia kwamba mashaka makubwa yanahesabiwa na dini katika kutoweza, na kwamba mwenye mwili ndiye shahidi wa mwili wake.

Tukakigeuza kitanda. Kutoka Pemba kibla ni kaskazini, kwa hiyo kichwa kimekwenda mashariki na miguu magharibi, akilala ubavu wa kulia uso unaelekea sawa. Usiku ambao nyonga ya kulia imechoka, nauhamishia mto upande wa miguu, kichwa kikaenda magharibi, analala wa kushoto, na kibla ni kilekile.