Je, wajua kwa nini kichwa cha Kaisari Augusto kilifukiwa chini ya ngazi huko Meroe?

Kaisari Augusto ni yule yule wa Injili ya Luka, aliyetoa amri watu wahesabiwe. Kichwa cha sanamu yake ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, kipo British Museum jijini London, lakini kilichimbuliwa Meroe, Sudan, mwaka 1910. Waliokifukia ni Wakushi, watu wa ufalme wa Kushi uliokuwa katika Sudan ya leo. Karibu mwaka 25 KK jeshi lao liliingia kusini mwa Misri, iliyokuwa mikononi mwa Roma, likaangusha sanamu za Kaisari na kuondoka na nyara. Kichwa hiki kikawekwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila apandaye amkanyage Augusto. Kwa hiyo sanamu moja ina maana mbili: ile ya waliomsimamisha na ile ya waliomzika.

Ukitaka kuisoma sanamu kama hii, anza na macho. Sanamu nyingi za bronzi za zamani zimebaki na matundu tu, kwa sababu macho yalitengenezwa peke yake kwa mawe na vioo, kisha yakapachikwa. Muda ukipita hulegea na kudondoka. Ya Augusto huyu yamesalimika kwa kuwa kichwa kililala mchangani karne kumi na tisa. Kisha angalia yanakoelekea: kichwa kimegeuzwa kidogo, na macho yanakupita yakatazama mbali. Huo ni uamuzi wa fundi. Mtawala anaonyeshwa akiona usichokiona wewe.

Panda kwenye nywele. Juu ya paji la uso vishungi vimeachana kama meno ya uma, na mpangilio huo ulirudiwa kwenye sanamu zake kotekote katika dola. Ndio unaomtambulisha hata pua ikiwa imevunjika. Umri, kinyume chake, haukufuatwa kabisa. Augusto alifariki mwaka 14 BK akiwa na miaka 75, ilhali sanamu zake zilibaki na uso wa kijana. Ukiusoma uso huo kama picha ya kitambulisho, umepotea mwanzoni tu.

Shida ya kichwa kilichokatwa ni kwamba mwili nao hutoa habari, wakati mwingine kuliko uso. Sanamu ya marumaru ya Augusto iliyopatikana Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, ina urefu wa zaidi ya mita 2 na imevaa deraya ya vita. Kifuani amechongwa Mparthi, mtu wa dola ya Parthia iliyokuwa hasimu wa Roma upande wa mashariki, akirudisha bendera ya jeshi la Roma. Bendera hizo zilirudishwa mwaka 20 KK kwa mazungumzo, bila vita, lakini deraya inazifanya zionekane kama ushindi wa kijeshi. Hapo ndipo pa kusimama muda mrefu! Marumaru hiyo pia ilikuwa imepakwa rangi, kwa hiyo weupe wa leo usiuhesabu kama nia ya mchongaji.

Aliyeko Dodoma anaweza kujizoeza pale Nyerere Square, kwenye sanamu ya Mwalimu, aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu wakati wa Vita vya Kagera, 1978–1979. Izunguke yote kabla ya kusoma maandishi. Amevaa nini, ameshika nini, uso umeelekea wapi? Je, kuna chochote kinachotaja vita, au ameonyeshwa kwa jambo jingine? Kilichoachwa nje kina uzito sawa na kilichowekwa.

Usiende saa sita mchana. Jua la Dodoma likiwa utosini, nyusi hutupa kivuli machoni na sura yoyote huonekana ya ukali ambao fundi hakuukusudia. Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni mwanga hutoka ubavuni, na mikunjo huonekana vizuri. Ukipiga picha kwa simu, rudi nyuma mita kadhaa halafu uvute. Ukisogea karibu sana, kidevu hukua na paji la uso hupungua.