Vigango vya Wagiriama si miungu

Kwa miaka mingi watu wameambiwa kwamba vigango, yale magogo yaliyochongwa yanayosimama kwenye makazi ya Wagiriama huko Kilifi, pwani ya Kenya, ni miungu ya kuabudiwa. Sivyo. Kigango ni kumbukumbu ya marehemu, tena si ya kila marehemu: huchongewa aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali. Wengine huwekewa koma, kigingi kifupi kisicho na mapambo mengi.

Ukikitazama kwa karibu utaona ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa cha duara au bapa, na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu. Mara nyingi husimamishwa baada ya marehemu kuwatokea jamaa zake ndotoni. Ni kweli humwagiwa tembo la mnazi na marehemu huombwa awaangalie walio hai, na nadhani hapo ndipo wageni walipokosea. Anayesemeshwa ni babu. Mungu, kwa Wagiriama, ni Mulungu, na hachongwi.

Kigango kikishasimamishwa hakihamishwi, hata watu wakihama. Uvumi kwamba ni miungu umewarahisishia kazi wezi, kwani nani atalilia sanamu la kishirikina? Vingi viliuzwa ng'ambo vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka huko, na vingine vimefuata. Kila kimoja kina ukoo wake, na inauma kukiona kikiitwa pambo.