Anna Thorvaldsdottir: yanayosemwa, na yaliyomo kwenye nota

Dhana: Thorvaldsdottir ni jina la ukoo.
Maana yake ni "binti Þorvaldur". Watu wa Iceland huitana kwa jina la kwanza, kwa hiyo mtunzi huyu wa muziki, aliyezaliwa 1977, ni Anna.

Dhana: Anachora barafu na volkano za kwao kwa sauti.
Hii ndiyo iliyoshika mizizi, na ndiyo inayomdhulumu zaidi. Mwenyewe ameshaeleza kwamba hatungi ili kusimulia mandhari. Anachochota kwenye maumbile ni uwiano na mwenendo: jinsi kidogo kinavyokaa ndani ya kikubwa, jinsi umbo moja linavyogeuka jingine polepole. Huchora kwanza umbo la kazi kwa penseli, ndipo alihamishie kwenye nota. Kazi yake Metacosmos, iliyopigwa mara ya kwanza na okestra ya New York Philharmonic mwaka 2018 ikiongozwa na Esa-Pekka Salonen, imesimama juu ya mvutano wa uzuri na vurugu. Hakuna mlima humo.

Dhana: Mingurumo inayosikika katika kazi zake ni ya kompyuta.
Zipo kazi zake zenye elektroniki, kama In the Light of Air, lakini katika Metacosmos kila sauti inatoka kwenye ala. Kwa wanaosikiliza kwa spika ya simu: waya mzito wa dabal-besi, ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito, hulia kwa takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika hiyo haifiki huko. Msingi wote unapotea. Vaeni hedifoni.

Dhana: Noti ndefu ni kazi rahisi.
Anna, ambaye alijifunza sello, huwaagiza wapigaji waichukulie noti ndefu kama ua dhaifu lililobebwa mikononi, juu ya kamba nyembamba, lisianguke. Kosa la kawaida ni mpigaji kuiona noti ndefu akadhani ni mapumziko. Uta, yaani fimbo ya kusugulia nyuzi, unalegea, sauti inakonda na kufa kabla mwenzake hajaipokea, na tundu linabaki wazi. Kosa jingine ni safu nzima kugeuza uta kwa pamoja, mshono ukasikika. Wapokezane kuugeuza.

Dhana: Robo toni zake (hatua za sauti zilizo nusu ya nusu toni) ni kupiga nje ya sauti.
Sikio lililolelewa na taarab ya Unguja halitashtuka. Tofauti ni kwamba katika kazi yake Aeriality (2011) hazitembei ndani ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Zinarundikana taratibu, moja juu ya nyingine, mpaka zinakuwa bahari moja ya sauti, kisha ghafla inafunguka nafasi fupi ya wimbo.